Mbuzi Niliyempeleka Kabati

Iko siku moja haijanitoka akilini, mwanangu, na sidhani itanitoka: siku nilipofunga mbuzi jike kamba shingoni, nikampakia kwenye pikapu ya rafiki yangu pale Tawa, nikaenda naye Kabati kumrudisha mke wangu kwao. Nasema kumrudisha, ingawa mke mwenyewe alikuwa ameshatangulia huko na watoto wawili. Mbuzi ndiye aliyekuwa anakwenda kumaliza kazi. Kama hukufundishwa, kwetu Ukambani ndoa huanza kwa mbuzi na huweza kuisha kwa mbuzi. Mwanamume akimkataa mkewe hupeleka kwa wakwe mbuzi mmoja, mbuzi wa ulee, yaani wa kukataa. Baba mkwe akimpokea, imeisha. Hakuna karatasi wala mahakama. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, na nilikuwa nimeamua.

Nataka uisikie habari hii kutoka kwangu kabla hujaisikia kwa watu wa soko, maana wao huipunguza. Wao husema nilichekwa. Ni kweli nilichekwa, lakini hilo lilikuwa dogo. Nilishtuka, mwanangu, na mshtuko ule ninao mpaka leo nikiwa na meno ya kuhesabu na magoti yasiyopenda kupanda mlima.

Mke wangu anaitwa Mumbua. Wakati huo nilikuwa na mashine ya kusaga unga pale Tawa, tena nilikuwa fundi wa mashine hizo, naitwa mpaka Kikima. Mashine ikikohoa nilikuwa naifungua, natafuta, napata: beringi imekwisha, au chujio limetoboka, au mkanda umelegea. Sikuwahi kufungua mashine yenye kelele nikakosa sababu. Hilo ndilo lililoniharibu kichwa. Niliamini kwamba fundi akifungua asione kitu, basi hakuna kilichoharibika, na mwenye mashine anapoteza wakati wa watu.

Baada ya kuzaliwa mtoto wetu wa pili, Mumbua alianza kusema anaumwa chini ya kitovu. Mkojo ulikuwa unamchoma, tena haumpi nafasi. Akienda chooni anarudi, na kabla hajakaa vizuri anainuka tena. Choo chetu kilikuwa chini kabisa ya shamba, kupita matuta matatu, kama tulivyofundishwa kujenga, mbali na nyumba na mbali na macho ya wageni. Alikuwa anateremka na kupanda mlima ule mchana kutwa, na mtoto mgongoni.

Nilimpeleka zahanati. Wakapima mkojo, wakampa dawa, akamaliza zote, akapata nafuu ya siku chache, ikarudi. Tukaenda hospitali ya pili. Mkojo ukapimwa ukaonekana safi. Damu ikapimwa ikaonekana safi. Hospitali ya tatu wakampiga picha ya tumbo, na kijana mmoja mwenye koti jeupe akatoka na karatasi akaniambia mimi, hakumwambia yeye, "Mzee, hapa hatuoni kitu." Mumbua alikuwa amesimama kando yangu, ameshika ukuta kwa mkono mmoja. Hakuulizwa hata jina.

Yule kijana alisema hawaoni kitu. Mimi nikasikia kwamba hakuna kitu. Ni mambo mawili tofauti kabisa, lakini ilinichukua muda mrefu kujua hivyo, na mtu aliyeumia katika muda huo hakuwa mimi.

Tangu siku hiyo nikawa mtu mbaya nyumbani mwangu. Sikumwinulia mkono, na nilikuwa najisifu kwa hilo, kana kwamba ubaya ni ngumi peke yake. Nilimchunga. Nilikuwa nasikiliza mlango wa mabati ukilia akitoka kwenda chooni, halafu nauliza, "Tena?" Neno hilo moja tu, kila mara, mbele ya watoto. Chumbani nikimkaribia alikuwa anajikunyata, anasema inauma, nami nikaanza kujiuliza kama kuna mwingine. Unajua watu wanavyosema: mkojo ukimchoma mtu, soko zima linasema ni ugonjwa wa kuambukizwa kitandani. Vipimo vyenyewe vilikuwa vimesema hana ugonjwa wowote, hata huo. Lakini mtu mwenye hasira hapangi mambo vizuri. Nikamshtaki kichwani mwangu kwa makosa mawili yasiyoweza kukaa pamoja, kwamba si mgonjwa, na kwamba ugonjwa wake ameutoa kwa mwanamume.

Halafu nikapata wazo. Hapa ndipo ninapoona haya zaidi, kwa hiyo nivumilie nikienda polepole.

Mashine ikimwaga, fundi hupunguza kile anachotia. Nikamwambia mke wangu, "Mama Mwikali, unajijaza mwenyewe halafu unalia. Kuanzia leo ni kikombe kimoja cha maji asubuhi na kimoja ukila mchana. Basi." Akasema, "Sawa." Alikuwa amefika mahali pa kujaribu chochote. Baada ya siku kadhaa mlango wa mabati ukapunguza kelele, nikaona nimemponya. Nilijisifu hata kwa wateja pale mashineni, kwamba hospitali tatu zimeshindwa na mimi nimeweza kwa neno moja, nao wakacheka na kunisifu. Kwamba amekonda na midomo imepasuka, niliona. Nikasema ni jua, maana mwaka huo mvua ilikuwa imetukosa.

Ndipo ikafika Jumapili moja pale kanisani kwetu. Mchungaji aliniita mbele niombewe niwe shemasi, na desturi yetu ni kwamba mke husimama kando ya mumewe mpaka maombi yaishe. Mchungaji wetu hakuwa mtu wa maombi mafupi. Katikati ya maombi Mumbua akaninong'oneza, "Baba Mwikali, nitoke kidogo." Nikamwambia bila kugeuza kichwa, "Vumilia." Akarudia. Nikamshika kiwiko, nikakibana, kama mtu anavyomshika mtoto anayesumbua. Nilikuwa nimefumba macho. Nilipoyafumbua, wanawake wa safu ya mbele walikuwa wameinuka na leso zao, wanamzunguka, na sakafu ya saruji ilikuwa imelowa mpaka kwenye viatu vyangu.

Nilishtuka sana, kiasi kwamba sikusikia amina. Lakini nikuambie ukweli wa kilichonishtua. Uso wake sikuutazama hata mara moja. Nilikuwa natazama watu wanaonitazama. Nikatoka kwa mlango wa kando, nikaenda nyumbani kwa njia ya juu peke yangu, nikamwacha mke wangu asindikizwe na wanawake wa kanisa. Kesho yake alifunga nguo za watoto akaniambia anaenda kwao apumzike, nami nikasema, "Nenda." Nikangoja wiki mbili. Hakurudi wala hakutuma neno, na mimi nikaingia zizini nikachagua mbuzi.

Tulivuka Mto Athi jua likiwa tayari kali. Rafiki yangu alikuwa anapeleka mahindi soko la Kabati, akanishusha kwenye njia ya kwenda kwa wakwe zangu, akaniuliza kama nitakawia. Nikamwambia si jambo refu.

Baba mkwe wangu, Mzee Musyimi, alikuwa uani anasokota kamba ya mkonge. Aliniona mimi, akamwona mbuzi, akaona sikuandamana na mzee yeyote wala sikushika hata sukari ya kumpa mama. Alijua. Aliendelea kusokota mpaka akamaliza kipande alichokuwa nacho, kisha akanikaribisha kiti. Akaniuliza habari za Tawa, habari za mvua, habari za mashine. Nikajibu zote. Ndipo akasema, "Haya. Mbuzi huyu hapokelewi bila neno. Taja kosa la mtoto wangu."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikasema, "Mzee, anasema ni mgonjwa. Hospitali tatu zimesema si mgonjwa. Nimevumilia mwaka mzima, na sasa ameniaibisha mbele ya kanisa."

"Hiyo ni aibu yako. Mimi nimeuliza kosa lake."

Nikatafuta kosa, nikalikosa. Nikaona afadhali nijitetee, nikasema, "Si kwamba sikumsaidia. Nilimwachisha maji, na nilipomwachisha akawa afadhali."

Mlango wa jikoni ukafunguka.

Hapa lazima nikueleze, kwa sababu ninyi vijana siku hizi mnakula meza moja na mama wakwe zenu na kupiga picha nao. Zamani zetu kulikuwa na nthoni, ile haya na heshima kati ya mwanamume na mama wa mkewe. Nilikuwa na miaka minane katika ndoa na sijawahi kumtazama mama yake Mumbua usoni. Tukikutana njiani yeye alikuwa anavuta leso kichwani na kuingia vichakani, nami nageuka upande mwingine mpaka apite. Salamu tulikuwa tunapelekeana kwa mdomo wa mtu mwingine. Habari za mwili, za tumbo, za choo, hizo hata kuziwaza akiwa karibu nilikuwa naona ni laana.

Mama huyo alitoka jikoni kichwa wazi, akavuka ua moja kwa moja, akasimama mbele yangu, karibu kiasi kwamba niliona masizi kwenye vidole vyake. Nikainamisha kichwa. Akasema, "Inua uso." Sikuinua. Nilimtazama mzee kwa pembe ya jicho nikitegemea atamzuia mke wake, naye akaendelea na kamba yake. Mama akarudia, na safari hii nikainua.

"Ulimnyima mtoto wangu maji?"

Nilitaka kusema kwamba sikumnyima, nilimpunguzia tu. Nilikuwa nahisi baridi, na jua lile la Kabati unalijua.

"Alipofika hapa," akasema, "nilimpa maji, akakataa. Nikamuuliza kwa nini, akaniambia ameshakunywa kikombe chake. Nilidhani amerukwa na akili. Siku tatu za kwanza nilikuwa nikimnywesha kwa kijiko nikimbembeleza. Mkojo aliokuwa anatoa ulikuwa na rangi ya kahawa, na akiutoa alikuwa anauma leso asipige kelele. Leo ndiyo najua ni nani aliyemhesabia vikombe. Yeye hakukutaja."

Alisema maneno hayo yote akinitazama machoni, mama mkwe wangu, kwa Kikamba kilicho wazi, bila kuficha neno. Kisha akageuka akarudi jikoni. Tangu siku hiyo mpaka alipofariki alirudi kuvuta leso akiniona, kana kwamba hakuwahi kusimama pale.

Mzee Musyimi alikuwa ameweka kamba chini. Kumbe naye alikuwa hajui, mkewe alikuwa amemficha. Akasema polepole, "Sisi hapa tukimkamata mwizi wa ng'ombe, kabla hatujampeleka kwa chifu tunampa maji. Wewe ni mkwe wangu." Sikuhitaji aongeze neno. Mimi nimezaliwa Ukambani. Nimemwona mama yangu akichimba mchanga wa mto wakati wa kiangazi, akiketi kando ya shimo akingoja kikombe kimoja kijae. Maji ya nyumbani kwangu Mumbua ndiye aliyekuwa anayabeba mgongoni, mtungi kwa mtungi. Halafu mimi, mume, nikamwambia asiyanywe. Tena nikaenda kulitangaza jambo hilo sokoni kama ushindi.

Nikainuka niondoke. Mzee akaniambia, "Kaa. Sijampokea mbuzi wako wala sijamkataa. Kaa hapo karibu naye mpaka jua liiname, ufunge mdomo, utazame. Jioni ukiniambia nimpokee, nitampokea."

Basi nikakaa. Mumbua alikuwa upande wa pili wa ua, anapepeta mbaazi, mtoto wetu Mwikali anacheza na maganda miguuni pake. Aliniona na hakunisalimu. Choo cha pale kilikuwa nyuma ya ghala. Mara ya kwanza alipoinuka nikasema moyoni, anafanya hivi kwa sababu nipo. Mara ya tano sikuwa na la kusema moyoni. Kabla ya kila kuinuka alikuwa anaweka ungo chini, anatulia, anashika nguzo ya ghala, na vidole vya miguu vinakunjika kwenye vumbi. Nilikuwa nimeishi na mwanamke yule miaka minane na sijawahi kuona vidole vyake vikikunjika namna ile. Akirudi, jasho limemtoka usoni kote. Anaokota ungo anaendelea na mbaazi, na mtoto akimuuliza kitu anamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa.

Sauti hiyo ya kawaida, mwanangu, ndiyo niliyokuwa naisikia nyumbani nikasema, huyu haumwi. Nilikuwa namshtaki kwamba anaigiza ugonjwa. Alichokuwa anaigiza ni uzima. Alikuwa anauigiza kwa ajili ya watoto na kwa ajili yangu, na alikuwa ameujua vizuri kiasi cha kunidanganya mimi fundi.

Nilitazama mpaka kivuli cha ghala kikafika kwenye kwato za mbuzi. Mzee akaja akaniuliza, "Nimpokee?" Nikasema hapana, nikalia mbele ya baba mkwe, jambo ambalo sijui kama kuna mwanamume mwingine wa rika langu aliyelifanya. Naye hakunibembeleza. Akamwita Mumbua.

Nilidhani, kwa ule ujinga wangu, kwamba sasa nimelia, basi atafunga nguo za watoto turudi na pikapu. Mumbua alisimama hatua chache kutoka kwangu. Akasema, "Siji leo, Baba Mwikali. Umeniona nikiumia na umenihurumia, nashukuru. Lakini kuna siku nitaumwa na hutaona kitu. Nenda ufikirie siku hiyo utasema nini."

Nikarudi Tawa na mbuzi wangu. Hapo ndipo nilipochekwa na watu wa soko, maana walikuwa wamemwona akienda. Niliwaacha wacheke. Kesho yake nikafunga mashine, nikachukua sururu, nikaanza kuchimba choo nyuma tu ya chumba chetu cha kulala, hatua nane kutoka mlangoni. Ndugu yangu mkubwa alikuja akauliza kama nimepata wazimu, kuweka choo mahali wageni watakiona kabla ya kuona sebule. Nikamwambia wageni wazoee. Udongo wa kwetu Mbooni una mawe, unajua. Ilinichukua karibu mwezi, na sikumwita kibarua.

Habari zilipomfikia, Mumbua alikuja kukitazama akiwa na dada yake. Alifungua mlango, akafunga, akahesabu hatua mpaka chumbani. Kisha akaomba maji. Nikamletea kikombe, akakinywa chote akiwa amesimama, ananitazama juu ya ukingo wa kikombe. Akaomba kingine, nikaleta. Wiki iliyofuata alirudi na watoto.

Tukaenda tena hospitali, ya mbali kidogo, na safari hii niliingia naye ndani. Daktari alikuwa mama wa makamo. Nilipoanza kueleza, akaniambia, "Baba, ngoja, yeye ana mdomo." Akamsikiliza Mumbua muda mrefu sana bila kumharakisha. Mwisho akatuambia kuna watu ambao kibofu chenyewe kinauma, na misuli iliyo chini inakaza, na mkojo ukipimwa uko safi. Akasema ni ugonjwa unaojulikana. Hautoki kwa wanaume, wala hautoki kwa kichaa. Dawa ya kuumaliza mara moja hakuna. Kuna mambo ya kujaribu moja moja, vyakula vya kuacha, mazoezi ya kulegeza misuli ile, vidonge vya siku mbaya. Maji anywe kidogo kidogo kutwa nzima, kwa sababu mkojo ukiwa mzito unachoma zaidi. Aliposema hilo nilitazama sakafu. Kisha akachukua zile karatasi zetu zote, akazipitia tena pamoja na vipimo vipya, akasema, "Hofu moja niwaondolee. Hii si kansa."

Nikasema kwa sauti, "Asante Mungu." Mumbua akaanza kulia. Nikajua ni furaha.

Tulipotoka nje tukakaa kwenye benchi la zege, naye bado analia. Nikamwambia, "Mama Mwikali, si umesikia? Umepona hofu hiyo." Akajipangusa na ncha ya leso. Akasema, bila hasira hata kidogo, "Nilikuwa naomba iwe kansa. Kila tulipoenda kupimwa, wewe ukiwa nje, nilikuwa namwomba Mungu waone kansa. Nilijua ukiona karatasi imeandikwa hivyo utaniamini, na utakuwa mwema kwangu siku zitakazobaki."

Mwanangu, nimezika wazazi wangu. Nimeona mashine ikikata mkono wa mtu. Sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka kwenye benchi lile. Mwanamke mwenye umri wa miaka ishirini na saba, mama wa watoto wawili wadogo, alikuwa akipiga magoti kuomba kifo kwa sababu ndicho kitu pekee alichodhani mumewe angekisadiki. Nilikaa pale na sikuweza kuomba hata msamaha, maana neno lenyewe lilikuwa dogo. Nilimshika mkono. Yeye ndiye aliyesema mwishowe kwamba tuondoke, gari litatuacha.

Hakupona, nisikudanganye. Mpaka leo kuna miezi mizuri na kuna wiki ambazo hata kukaa kitini hawezi. Tumejifunza. Tunajua chai nzito na limau humsumbua, tunajua baridi ya mwezi wa saba haimpendi. Kanisani tunakaa kiti cha mwisho karibu na mlango, na ushemasi nilimwachia mwingine. Tukisafiri, mimi ndiye ninayemwambia dereva asimame. Nasema mzee amebanwa, samahanini, na abiria wananung'unika juu yangu. Yeye anashuka kimya kimya nyuma yangu. Nimezoea kunung'unikiwa, na dada mmoja wa kule Masii amekwisha kuniombea nipone.

Kwa hiyo nikikuusia, sikuusii kwa sababu nilikuwa mume mwema. Mwenzako akikuambia anaumwa, msadiki siku hiyo hiyo. Usingoje karatasi. Mpeleke hospitali, ndiyo, na akikosa jibu mpeleke nyingine, lakini uende ukiwa upande wake, uingie naye ndani, na umwache aseme mwenyewe. Usimpangie dawa ya kichwani mwako, hasa ile inayokupunguzia wewe usumbufu. Ukiona haya kwa ajili ya mwili wake, haya hizo ni zako, zibebe wewe. Na akikuambia kwa sauti ya kawaida kwamba ni mzima, mtazame miguu.

Haya, nenda nyumbani, unangojwa. Mungu akutangulie wewe na huyo uliyemwoa. Aipe nyumba yenu afya, na pale ambapo hataipa afya, aipe mtu anayesadiki bila kuonyeshwa. Mtu huyo uwe wewe.